Kelele za Chura wa Kihansi



Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja alituletea kichekesho juu ya chura aliyepanda ndege kwenda Marekani huku mwanakijiji akibaki na kibatari chake. Nilikisoma nikiwa ndani ya daladala. Abiria aliyeketi kando yangu alikuwa akichungulia ukurasa, akacheka mpaka akaniomba jarida amalizie. Sikatai, kimeandikwa vizuri. Mwandishi ana kipaji, nami si mtu wa kuchukia kicheko. Lakini tangu siku ile nina kitu kimenikwama kooni, na leo naomba nafasi nikiteme.

Chura yule namjua anakotoka. Ni jirani yetu.

Mto Kihansi unaanzia kwenye nyanda za juu za Mufindi. Huko juu ni mto wa kawaida tu, unapita kati ya vilima, mashamba na misitu, mtu anaweza kuufua nguo zake akaenda zake. Halafu ghafla nchi inakatika. Pale safu ya milima ya Udzungwa inapoangukia bonde la Kilombero, mto nao hauna hiari, unaanguka pamoja nayo. Unaporomoka kwenye korongo lenye maporomoko moja baada ya jingine, kubwa kuliko yote likiwa na kimo cha karibu mita 100, na kutoka juu hadi chini mto unashuka karibu mita 850. Ndipo unatulia, unaingia Kilombero, na Kilombero unaingia Rufiji, na Rufiji unaingia baharini.

Mama yangu ni mtu wa juu, Mhehe. Baba ni mtu wa chini, Mndamba wa bondeni, huku reli ya TAZARA inakopita. Kwa hiyo mimi korongo lile liko katikati yangu. Nikienda likizo kwa wajomba nilikuwa juu ya maji, nikirudi kwa bibi mzaa baba nilikuwa chini yake. Wapo wanaoandika juu ya mito kwa kuwa wameiona katika kalenda. Mimi naandika kwa kuwa nimelala usiku nikiusikia.

Maana Kihansi ulikuwa unasikika, jamani. Nyumbani kwa bibi, mvua zikiwa zimekolea, ngurumo ya maporomoko ilikuwa kama lori linalopanda mlima lisilofika. Asubuhi ukitazama juu uliona ukungu mweupe umesimama penye korongo, hata siku ya jua kali. Bibi hakuwa na redio ya kumtangazia hali ya hewa. Alitoka nje, akasikiliza, akasema, "Leo msianike mpunga." Mara nyingi alikuwa sahihi. Alipokosea alisema mto umemdanganya, na hakuna aliyembishia.

Mradi ulipokuja nilikuwa mdogo. Baba yangu alipata kibarua kwenye handaki. Hebu niseme hili mapema, asije mtu akanitia kwenye kundi nisilolijua: nyumbani kwetu mradi ule ulipokewa kwa furaha. Baba alirudi jioni na kofia yake ngumu, vumbi la mawe mpaka kwenye kope, na sisi watoto tuligombea kuivaa. Ada yangu ya shule, madaftari yangu na viatu vyangu vya kwanza vya ngozi vilitoka ndani ya mwamba ule. Miaka ile ya 1990 nchi nzima ilikuwa gizani. Ukame ulikausha mabwawa, mgao wa umeme ukawa sehemu ya maisha, viwanda vikasimama. Kihansi ulipoanza kufanya kazi, mwaka 2000, ulileta megawati 180. Hizo si mchezo. Yupo mtoto aliyezaliwa salama kwenye hospitali yenye taa kwa sababu baba yangu na wenzake walitoboa mlima. Sisemi umeme ni mbaya. Hata makala hii naiandika chini ya taa.

Ninalosema ni jinsi ulivyopatikana, na nani anachekwa leo kwa ajili yake.

Haya, tuje kwa chura. Mwenzetu katika kichekesho chake amemfanya chura kuwa mheshimiwa mwenye kitambi. Chura wa Kihansi hana kitambi. Ni kidogo, hafiki sentimeta 3 kwa urefu, rangi yake ya manjano, anakaa kwenye ncha ya kidole. Hatagi mayai majini kama vyura wengine. Anazaa watoto walio hai, vyura kamili, wadogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Aliishi mahali pamoja tu duniani: kwenye majani yaliyolowa kando ya maporomoko yale, katika eneo la hekta 2 hivi, pale ambapo mnyunyizo wa maji haukukauka usiku wala mchana. Ukipima, ni kama viwanja vichache vya mpira. Nje ya hapo hakuna. Si Kongo, si Brazili, si popote. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakampa jina la Nectophrynoides asperginis, na neno hilo la pili maana yake ni la ule mnyunyizo.

Sasa angalieni mwaka. Mwaka 1996 ujenzi ulikuwa tayari unaendelea. Baba yangu alikuwa tayari handakini. Mkopo wa Benki ya Dunia ulikuwa tayari umeidhinishwa, na Norwei, Sweden na Ujerumani walikuwa wamekwisha kuchangia. Uchunguzi wa mazingira uliofanywa kabla ya kazi kuanza haukumwona chura huyu. Alionekana baadaye, watu walipopelekwa kufuatilia mazingira wakati mchanga na saruji vimeshamwagwa. Kahawa ya mwitu inayoota katika korongo hilohilo nayo ilitambuliwa kuwa aina mpya na kupewa jina la Kihansi mwaka 2004, miaka minne baada ya maji kugeuzwa njia. Kwa maneno mengine tulifunga mto kwanza, ndipo tukauliza nani anaishi ndani yake.

Mwaka 2000 maji yaligeuzwa. Sehemu kubwa, karibu tisa katika kumi, yakaingizwa handakini badala ya kupita korongoni. Niwe mkweli hapa pia: maji hayapotei. Yakishazungusha mitambo ndani ya mlima yanarudishwa mtoni na kuendelea na safari. Mkulima wa bondeni hakunyimwa mto. Kilichokufa ni korongo lenyewe. Ule ukungu mweupe ulishuka kama shuka iliyovuliwa, na ile ngurumo ikakatika.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nakumbuka bibi alitoka nje asubuhi, akasikiliza kama kawaida yake, akarudi ndani, akatoka tena. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, masikio yangu yamekufa?" Nikamwambia hapana, bibi, ni mto. Baba alikuwa ameketi kizingitini anakunywa chai. Hakusema neno. Aliinuka akaenda shamba bila jembe, na baada ya muda akarudi kulichukua.

Yaliyofuata mwenzetu ameyasimulia kwa kicheko, nami nitayasimulia bila kicheko. Hekta zile 2 zilikauka. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2000 vyura 499 walikamatwa na kupelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili wasitoweke kabisa. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, yaani watu wakaunda kwa plastiki kile ambacho mto ulikuwa ukikifanya bure tangu dunia kuumbwa. Kwa muda ilisaidia, vyura wakaongezeka. Halafu mwaka 2003 ikaonekana kuvu ile inayoua vyura katika nchi nyingi, na katika miezi michache wakapukutika. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki wote duniani walikuwa wageni wa Marekani, huko Bronx na Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwenyewe.

Hivyo ndivyo chura alivyopanda ndege. Alipanda kama mkimbizi anavyopanda lori. Ninyi mnaona mtalii.

Ndugu yangu mwandishi wa kichekesho, nakuheshimu, lakini umekosea mara tatu.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Umeandika kana kwamba kuna fungu la fedha lililokuwa njiani kuja kwa bibi yangu, na chura akalidaka. Nionyeshe fungu hilo. Mimi nimelala katika nyumba ile, sikuliona likitoka wala likiingia. Fedha za chura zilipatikana baada ya dunia kupiga kelele kwamba kiumbe anatoweka. Tena sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia, maana yake mimi na wewe na watoto wetu ndio tunaolipa. Hapo una haki ya kukasirika. Lakini mkasirikie nani? Korongo lingetembelewa vizuri kabla ya kazi, na mwenye macho, chura angeonekana mapema, na maji ya kumtosha yangewekwa kwenye hesabu tangu mchoro wa kwanza. Pasingekuwa na mabomba ya plastiki wala ndege. Gharama unayoicheka ni gharama ya haraka. Mzee wa kijijini angekwambia: haraka haraka haina baraka. Wenye haraka wamekwenda zao na vyeti vya utumishi bora, na bili ameachiwa chura.

Kosa la pili ni la kumtafuta mwenye nguvu. Ndugu zangu, tangu lini kichekesho kikamchapa mdogo? Nilidhani jarida hili tulilianzisha, tukachangishana mia mbili mbili za karatasi, ili tuwaseme wakubwa. Sasa tunaye kiumbe wa sentimeta 3 na tunaye mwanamke wa kijijini, na tumewapambanisha kama majogoo. Sisi tumekaa pembeni tunapiga makofi. Aliyetia saini yuko wapi ndani ya kichekesho chako? Aliyesoma taarifa ya uchunguzi, akaiona nyembamba, akasema "itatosha", yuko wapi? Hayumo hata kwenye mstari mmoja. Kila mara tunapocheka kwamba "chura ana thamani kuliko mtu", mtu huyo anavuta kiti chake nyuma kidogo, gizani, tusimwone.

Na fikirini kidogo. Uchunguzi ule haukumwona chura. Mnadhani ulimwona bibi? Waliopita mbio wasimwone kiumbe anayeishi mahali pamoja duniani, ndio hao walioandika "wananchi wameshirikishwa". Jicho lililomkosa yeye ndilo lililotukosa sisi. Chura hakuwa mpinzani wetu. Alikuwa shahidi wetu. Maji machache yanayoachwa leo yapite korongoni yanaachwa kwa sababu yake. Sisi tulipolia hatukusikika New York. Yeye alisikika.

Kosa la tatu ndilo linalonichoma zaidi, maana linamhusu mjomba wangu. Katika kichekesho chako kuna kijiji kimoja, cha chini. Wa juu hawamo kabisa. Kumbe mto una watu wake tangu chemchemi. Kule kwa wajomba watu wanalima vinyungu, yaani vibustani vya bondeni penye unyevu, vinavyomtoa mtu wakati wa kiangazi: mahindi mabichi, maharage, mboga. Ni kazi ya mababu. Kinyungu ndicho kinachozuia njaa ya kabla ya mavuno, na kinyungu ndicho kilichomsomesha mama yangu mpaka darasa la saba.

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka ofisi moja, sitaitaja. Alimkuta mjomba kinyunguni, magoti kwenye tope. Akamsalimu vizuri, "Shikamoo mzee," halafu akamweleza habari za sheria. Na kweli sheria ipo, ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na inasema shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mwanangu, na wale waliouchukua mto wote wakautia kwenye shimo, wao walisimama mita ngapi?" Bwana yule alicheka, akasema mzee wewe mtata. Halafu akaandika jina lake kwenye daftari.

Sipingi kulinda chemchemi. Mtu akilima mpaka kwenye jicho la maji, mto unajaa tope, na mjomba anajua hilo kuliko mimi na yule bwana. Ninachouliza ni rahisi. Mkulima wa juu anaambiwa asilime ili maji yafike bwawani. Maji yakifika bwawani yanageuka umeme, na umeme unageuka fedha. Katika safari hiyo yote, mtu aliyeacha kulima anapata nini? Anapata semina. Anapata miche ya miti na fulana yenye maandishi kifuani. Huyu ni mfanyakazi wa mradi kama alivyokuwa baba yangu handakini, ila baba alikuwa na siku ya malipo.

Mnajua methali ile wakubwa wanayoipenda: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nimeisikia mikutanoni zaidi ya ninavyosikia wimbo wa taifa. Mara moja niliisikia kijijini kwetu. Mkubwa mmoja alikuja na gari, watu wakauliza maswali juu ya ajira zilizokwisha na ahadi zilizobaki, akachoka. Akasimama, akatabasamu, akaitoa methali yake kama mtu anayetoa kitambulisho. Watu wakacheka kwa adabu. Bibi yangu alikuwa amekaa mbele, kwenye mkeka. Akaomba nafasi. Akasema:

"Shukrani mheshimiwa, mwanangu. Mimi sikusoma. Lakini nimefuga. Ng'ombe akinywa, chura anampisha, maji ni mengi, kila mtu na sehemu yake. Ng'ombe akinywa mpaka tope, chura atakufa, kweli. Na kesho ng'ombe atakunywa nini?"

Mkutano ulifungwa mapema.

Naileta habari hii kwa sababu ng'ombe wa leo ni mkubwa zaidi. Kihansi unaingia Kilombero, na Kilombero peke yake unaupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Na Rufiji sasa umejengewa Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Kihansi ukiuweka kando yake ni kifaranga. Mimi ni Mtanzania, nami nilifurahi taa zisipozimika. Lakini piga hesabu: kila tone la kinyungu cha mjomba sasa lina wateja wawili, bwawa la mlimani na bwawa la bondeni. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mgao wa umeme ukarudi, nilikaa karibu na redio nikasikiliza lawama zikigawanywa. Zilianza kwa mkulima, zikaenda kwa mfugaji, zikaishia hapo. Sikumsikia mtu akisema, "Huyu aliyetutunzia maji miaka ishirini tumlipe kiasi gani?" Tutasikia kwanza mita 60, halafu mita 100, halafu tutasikia kwamba watu wahame. Na siku hiyo atatokea kijana mwenye kipaji kama wewe, aandike kichekesho.

Sasa neno kwa sisi wenyewe, tunaojiita waandishi chipukizi.

Nimepekua matoleo yetu ya nyuma. Mito imejaa humo. Mto wa mapenzi, mto wa machozi, mto wa uhai, maporomoko ya huba. Hakuna hata mmoja wenye jina. Hakuna mto ambao mtu anavua ndani yake, anafua, anagombana na jirani juu ya mfereji. Tumejifunza ushairi wa maji kutoka kwa washairi waliokaa pwani mbele ya bahari, hao walikuwa na haki yao, lakini sisi tumekariri bila kulowa. Wakati huohuo mto halisi, wenye jina, wenye chura wake, wenye kahawa yake ya mwitu, umenyamazishwa mbele ya macho yetu, na kitu pekee tulichoandika juu yake ni mzaha.

Bibi alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa akijua majina ya maporomoko madogo ya korongo lile, moja moja, kutoka chini kwenda juu, na kila jina lilikuwa na kisa. Lipo aliloliita kwa jina la mwanamke aliyemkimbia mumewe akajificha nyuma ya pazia la maji siku tatu. Nilimsikia akiyataja mara nyingi, na sikuandika hata moja, maana nilikuwa nasomea Dar es Salaam namna ya kuandika. Leo nakumbuka manne. Mlio wa mto tumeuchukua kwa mitambo, na hakuna aliyeuliza ruhusa. Majina tumeyapoteza kwa uvivu, na hilo siwezi kumsingizia mkandarasi.

Kwa hiyo sisemi tulie. Nasema tufanye mambo haya.

Kwanza, tuache kumcheka chura. Mwenye hamu ya kucheka acheke taarifa ya kurasa mia mbili isiyomwona mwenye nyumba.

Pili, tuseme wazi, kwa maandishi, kwamba wanaotunza vyanzo vya maji wanafanya kazi, na kazi ina ujira. Sehemu ya bei ya kila yuniti ya umeme wa maji ipande mlimani na ifike mkononi mwa mtu anayeacha kulima kinyungu, kwa hesabu ambayo yeye mwenyewe anaweza kuisoma. Semina si ujira. Fulana si ujira.

Tatu, kila mto utakaofungwa kesho, na itafungwa mingi, utembelewe kwanza kwa miguu, masika na kiangazi, na mtaalamu akiwa na bibi wa kijiji kile mbele yake. Bibi ataonyesha chura yuko wapi. Wangu alimjua. Alimwita kwa neno la nyumbani ambalo maana yake ni "kale ka ukunguni". Hakuna aliyemuuliza.

Nne, na hili ni letu. Kila mmoja wetu anayekwenda likizo kijijini arudi na jina la mto, majina ya vijito vyake, na kisa kimoja kwa kila jina. Mhariri atenge ukurasa. Kama hataki, mimi nitauchangia gharama yake.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Nguzo za umeme zimefika kijijini, taa ipo hata kwenye genge la nyanya, na sikuona mtoto akisoma kwa kibatari. Nilifurahi, naapa. Usiku nililala kwenye chumba cha bibi. Baba, ambaye sasa ni mzee, alikuwa chumba cha pili. Usiku wa manane nikamsikia anafungua mlango. Nikatoka, nikamkuta amesimama uani, uso ameuelekeza korongoni, kichwa ameinamisha upande kama alivyokuwa akifanya mama yake.

Nikasema, "Baba, vipi, hujalala?"

Akasema, "Nasikiliza kama kutanyesha."

Tukasimama wote wawili. Hatukusikia kitu, isipokuwa friji ya jirani.

Naomba kutoa hoja.